Usimalizie Neno

Kila siku ya kazi, inapokaribia saa nne asubuhi, mwanamke mmoja wa miaka arobaini na sita hufunga dirisha la chumba namba tisa, huondoa kikombe cha chai mezani, huchonga penseli mbili ingawa moja ingetosha, kisha hukaa kuitazama simu. Hospitali nzima inamwita Mama Osha. Hana mtoto wa jina hilo, wala kazi yake haihusiani na usafi. Jina amelipata kazini, kama wengine wanavyopata maumivu ya mgongo.

Kazi yake ni kupokea herufi. Hospitali haina mashine za kuchunguza vipande vya nyama vinavyokatwa kwenye miili ya watu, kwa hiyo vipande hivyo hutiwa kwenye vichupa, hupewa namba, na kupelekwa maabara kuu kwa gari. Majibu yaliyochapwa hurudi na gari hilohilo baada ya wiki tatu, gari likiwa zima, na gari hilo uzima wake ni wa kusuasua. Wagonjwa wengine hawana wiki tatu. Ndiyo maana maabara hupiga simu na kusoma majibu. Tatizo ni kwamba majibu huandikwa kwa lugha ya madaktari, ambayo msomaji wa maabara haielewi, Mama Osha haielewi, na kuna siku mtu humshuku hata daktari. Basi msomaji hasomi maneno. Anataja herufi moja baada ya nyingine, kila herufi na neno lake la kuisindikiza, kwa sababu ndani ya simu ile M na N ni pacha, na B, P na D ni watoto wa tumbo moja. Mama Osha huirudia herufi pamoja na neno lake. Msomaji hujibu "ndiyo". Hapo tu ndipo penseli hugusa karatasi.

Zamani kulikuwa na orodha rasmi ya maneno hayo. Ilitoka mbali, imechapwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na miji ambayo hakuna mtu hospitalini aliyefika na dansi ambazo hakuna aliyezicheza. Mchwa waliila wakati wa likizo moja, wakaacha fremu. Mama Osha, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja kazini, akaambiwa atunge nyingine kabla ya Jumatatu. Alikaa jikoni kwake Jumapili mchana akaandika alichokiona: B kama Birika, F kama Foronya, G kama Glasi, K kama Kijiko, M kama Mwiko, N kama Ndoo. Kwenye O akakwama. Aliizunguka nyumba kwa macho, hakukuwa na kitu chochote kinachoanza na O. Vyombo vya mchana vilikuwa kwenye karai, vinamtazama. Akaandika: O kama Osha. Q hakuipatia neno, aliiita tu "ile yenye mkia", na X ikawa "X ya kukosa". Orodha ikapita bila marekebisho, maana hakuna mkubwa aliyetaka kukaa kikao cha kujadili vyombo. Wiki mbili baadaye wauguzi walikuwa wanamsalimia, "Shikamoo Mama Osha," na mambo yakaishia hapo.

Juu ya orodha hiyo kuna karatasi nyingine, nayo ni mkono wake, kwa wino mwekundu. Ina mistari miwili. USIMALIZIE NENO. ISIYORUDIWA HAIJAPOKELEWA.

Hiyo ina historia yake. Kabla Mama Osha hajaachiwa simu peke yake, aliyekuwa akipokea ni bwana mmoja waliyemwita Chapuchapu. Alikuwa mwepesi. Akisikia herufi nne za mwanzo, nyingine alikuwa akizijaza mwenyewe na kusema, "Ndiyo, ndiyo, nimelipata." Siku moja alimalizia neno la dereva mmoja wa lori, akalimalizia vibaya, na dereva akaambiwa ana ugonjwa ambao hakuwa nao. Dereva yule alikuwa mtu wa utaratibu. Alipeleka watoto kwa bibi yao, akawaaga majirani nyumba kwa nyumba, akaomba radhi hata kwa watu waliomkosea yeye. Majibu yaliyochapwa yalipofika na gari, alikuwa ameshaaga mtaa mzima. Hakufa. Aliaga vizuri mno, wala hakuna aliyejua namna ya kumpokea tena, na mwishowe alihama kwa aibu ya kuwa hai.

Kwa hiyo Mama Osha aliandika sheria, mganga mkuu akaisaini, nakala ikaenda maabara. Na alipokuja msomaji mpya kule maabara, miaka kumi na moja iliyopita, kijana mwenye sauti ya kupendeza, siku ya tatu akajaribu kumrahisishia.

"…na hizo zilizobaki unazijua, dada."

"Sizijui, kaka. Taja."

"Si lile neno la jana?"

"La jana lilikuwa la jana. Taja."

Akataja. Jioni yake Mama Osha akamwandikia barua bosi wa kijana huyo. Tangu hapo Kaka wa Maabara, ambaye hawajawahi kuonana naye hata siku moja, amekuwa mkali kwenye sheria ile kuliko aliyeitunga. Ni mwanafunzi wake bora. Hilo linapaswa kukumbukwa.

Miezi mitatu iliyopita sauti ya Mama Osha ilianza kukwaruza. Kwanza alililaumu vumbi. Kisha akailaumu feni. Kisha akamlaumu Mzee Faili, mtunza mafaili anayekaa naye chumba kimoja, kwa sababu anatafuna karanga na maganda yake mepesi yanaruka.

"Mwanangu, karanga zangu zina miaka ishirini humu ndani," Mzee Faili alijitetea. "Zingekuwa zinaua, ningetangulia mimi."

"Mdomo wako hauwezi kufa, mzee. Utazikwa wewe, wenyewe ubaki unaongea."

Hili lilikuwa karibu na ukweli. Habari ukimpa Mzee Faili saa nne, saa sita imefika jikoni, na saa nane imerudi kwako ikiwa imenenepa.

Kwenye simu Kaka wa Maabara naye akaanza kuuliza. "Dada, leo tena koo?" "Vumbi tu, kaka." "Vumbi gani hilo la mwezi mzima?" "La huku kwetu." Usiku mwingine aliamka akahisi kama amemeza punje ya mahindi ikakataa kushuka. Alikuwa akijifungia bafuni, anafungua bomba maji yaseme kwa nguvu, halafu anajaribu sauti yake chini ya kelele hizo, A hadi Z, polepole. Kila wiki kulikuwa na herufi iliyotoka na nyufa zaidi. Mumewe, fundi cherehani, anafanya kazi chumba cha mbele, na siku moja aliuliza akiwa mlangoni kama kuna mtu anaoga na kusoma kwa wakati mmoja. Akamjibu kwamba anafanya mazoezi ya kazi. Mume akarudi kwenye suruali zake. Hakumwambia. Alitaka kumwambia kitu chenye jina, na jina hakuwa nalo.

Mtaalamu wa koo huja mara moja kwa mwezi kwenye hospitali ya mji wa jirani. Mama Osha akaenda huko, nyumbani akaaga kwamba ana semina ya siku mbili. Ilikuwa semina ya mtu mmoja, mdomo wazi, taa usoni. Mtaalamu, mtu mpole mwenye mikono baridi, alimwambia ameona kinundu, na kwamba atamlaza kwa sindano ya usingizi ili akate kipande kidogo.

"Kikiwa kizuri, tutajua la kufanya," alisema. "Kikiwa kile kibaya, mama, mahali kilipokaa hapo itabidi tuondoe kisanduku chote cha sauti. Ili uishi."

"Nitaongeaje?"

"Watu wanajifunza njia nyingine."

Alishawahi kumwona mmoja wao. Mwalimu, ana tundu shingoni lililofunikwa na kitambaa safi, na kibao cha kuandikia mkononi. Alikuja chumba namba tisa kuulizia faili lake, akaandika swali, na kwa sababu watu hawana akili, Mama Osha naye alimjibu kwa kuandika, kana kwamba mwalimu alikuwa kiziwi. Alitembea na aibu hiyo mwaka mzima. Sasa iligeuka ikawa hofu.

Mtaalamu akamuuliza majibu yatumwe hospitali gani. Majibu yote ya ukanda ule yanapita simu moja, na simu hiyo aliijua. Angeweza kuomba yasubiri gari, wiki tatu. Alijikuta anasema, "Kwetu." Kichupa kikabandikwa namba 3178. Aliibandika mwenyewe, kwa mazoea.

Siku kumi zilizofuata hazikuwa siku. Ilikuwa saa nne moja ndefu. Na kuna jambo moja ambalo madaktari hawakulijua: katika miaka kumi na tisa ya kuandika maneno asiyoyaelewa, Mama Osha alikuwa ameyajua manne. Hakuyajua maana. Aliyajua kama mtu anavyowajua mbwa wa mtaa, yupi wa kupita naye mbali. Kila alipopeleka karatasi yenye mojawapo ya maneno hayo manne, daktari aliisoma, akavua miwani, akauliza kama mgonjwa amekuja na ndugu. Kazini, sampuli namba yoyote ilipoanza kutajwa, sikio lake lilikuwa linasikiliza kama mbwa ametoka uani. Na sasa lile ua lilikuwa la kwake.

Ilikuwa Ijumaa. Simu iliita saa nne na dakika saba.

"Salama, dada?"

"Salama, kaka." Sauti ilitoka kama mlango wa stoo.

"Eh! Hilo vumbi sasa limehamia rasmi. Tuna sampuli tano leo. Uko tayari?"

"Taja."

Nne za kwanza zilipita. Za watu. Mama Osha alizirudia zote, kila herufi na chombo chake, na kila moja ilimgharimu, kama mtu anayelipa kwa sarafu ambazo anajua zinaisha. Nyuma yake Mzee Faili alikuwa juu ya ngazi fupi, anashindilia mafaili kwenye rafu isiyokuwa na nafasi, huku akiimba puani.

"Ya mwisho," alisema Kaka wa Maabara. "Sampuli tatu moja saba nane. Mwanamke. Arobaini na sita. Koo. Maneno matano."

Maneno matano. Mbwa anaweza kulala kwenye lolote kati ya hayo.

"G kama Glasi."

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alimeza mate, akajaribu tena, ikatoka hewa, hewa tupu, kama tairi linalotolewa upepo.

"Dada? G kama Glasi."

Akakohoa. Akaisukuma herufi kwa tumbo, kwa mabega, kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Haikutoka. Ikiwa ni kile kinundu au ni woga, au vilikuwa vimeelewana, hakujua.

"Sikusikii, dada. Narudia mara ya tatu. G kama Glasi."

Ndani ya simu alisikia karatasi ikigeuzwa kule mbali.

"Basi. Isiyorudiwa haijapokelewa," alisema kaka yule, kwa upole kabisa, kama anayesali. "Naiweka ya Jumatatu."

Jumatatu. Alihesabu bila kutaka: leo, kesho, keshokutwa, na asubuhi nzima ya siku ile, na bomba la bafuni, na mume anayeuliza mbona huli. Na je Jumatatu sauti itakuwa imerudi? Nani amesema? Sheria aliitunga yeye. Barua kwa bosi aliiandika yeye. Hakuna mtu duniani aliyemfundisha kijana yule kukata simu isipokuwa yeye.

Aligonga simu kwa penseli. Ko, ko, ko.

"Dada, upo? Kuna shida ya laini?"

Ko, ko, ko.

Mzee Faili aliacha kuimba. "We mwanangu, unaponda dawa?"

Mama Osha aligeuka. Mtu pekee mwenye sauti ndani ya chumba kile alikuwa juu ya ngazi, na sauti hiyo ilikuwa mali ya umma. Akimpa simu, amempa kila kitu: namba, umri, koo. Kabla ya chakula cha mchana muuguzi wa zamu angejua, mpishi angejua, na jirani wa mpishi, ambaye anashonewa magauni na mume wake, angekwenda kumpa pole fundi cherehani kabla mkewe hajafika nyumbani. Upande mmoja kulikuwa na siku tatu za kutojua. Upande wa pili kulikuwa na mdomo wa Mzee Faili. Alisimama katikati kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu, na kwa saa ya ukutani ulikuwa kama sekunde kumi.

Kisha akachana karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akainyoosha juu.

3178 NI MIMI. SAUTI IMEGOMA. RUDIA WEWE, NAANDIKA MIMI.

Mzee Faili alisoma akiwa bado kwenye ngazi. Aliisoma tena. Alishuka, kidato kwa kidato, akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua simu kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Haloo," alisema.

"Nani huyo?"

"Mimi ni mtunza mafaili wa hapa. Leo ni mdomo wa Mama Osha."

"Mzee, shikamoo, lakini sheria inasema mpokeaji ndiye anayerudia."

"Marahaba. Mpokeaji yupo, ameshika penseli, ananikodolea macho. Mimi ni spika tu. Redio ikiharibika spika, unaitupa redio?"

"Sheria haisemi habari za spika."

"Inasema mpokeaji arudie mwenyewe kwa koo lake? Nipo chini yake, naisoma hapa ukutani. Inasema isiyorudiwa. Haijasema na nani."

Mama Osha aliegemeza sikio karibu na la Mzee Faili, wakanusa karanga pamoja. Halafu ile sauti ya kupendeza ikaja, imepungua mwendo.

"Mzee. Hii sampuli ni ya koo. Mwanamke. Arobaini na sita."

"Nimesikia."

"Na dada ana vumbi miezi mitatu."

"Mwanangu," alisema Mzee Faili, "usimalizie neno. Taja."

Kaka wa Maabara akataja.

"G kama Glasi."

"G kama Glasi."

"Ndiyo."

Mama Osha akaandika G. Herufi ikatoka kama imepigwa na baridi. Hakuna mmoja kati ya wale wanne aliyeanza na G. Moyo haukutulia, mbwa asiyemjua angeweza kuwa mbaya zaidi, na maneno bado yalikuwa mengi.

"R kama Redio." "R kama Redio." "Ndiyo." "A kama Asali." "A kama Asali." "Ndiyo." "N kama Ndoo." "N kama Ndoo." "Ndiyo." "U kama Ufunguo."

"U kama Ugomvi."

"Ufunguo, mzee."

"Ufunguo, ugomvi, vyote viko nyumbani kwangu. Sawa, Ufunguo."

"Ndiyo."

Miwani ya Mzee Faili ilikuwa na kioo kimoja na orodha ilikuwa juu. Pale asipoiona vizuri alitunga. Kwa L alisema Lawama, na kwa H akasema Harusi, na kila mara msomaji alimrudisha jikoni kwa Mama Osha, kwenye Limau na Hereni, na kila mara Mama Osha alisubiri ile "ndiyo" penseli ikiwa hewani, akihisi kwamba mzaha wa mzee ndio kamba pekee iliyomshika asianguke. Neno la kwanza likaisha. La pili. La tatu lilikuwa fupi.

"Neno la nne," alisema Kaka wa Maabara. "M kama Mwiko."

Alimjua mbwa mmoja anayeanza na M.

"A kama Asali."

Na herufi yake ya pili ni hiyohiyo. Mkono wa Mama Osha ukapata haraka ambayo haukuwahi kuwa nayo katika miaka kumi na tisa. Ulitaka kukimbia uandike zilizobaki, uandike zote, jambo liishe, lijulikane, watoto wapelekwe kwa bibi. Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Aliuweka mezani kama mtu anayembana kuku.

"Taja," alisema Mzee Faili, maana alikuwa amemwona.

Herufi ya tatu haikuwa ya mbwa yule. Wala ya nne. Neno likapita upande wa pili wa barabara likaenda zake. La tano likafuata, refu, halifanani na kitu chochote alichowahi kuandika.

"Mwisho wa sampuli," alisema Kaka wa Maabara. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, aliongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi. "Mzee, mwambie dada… Mwambie mimi nasoma tu. Sijui linasema nini. Ningelijua ningemwambia."

"Amekusikia."

Kwa kawaida karatasi hupitishwa kwenye kidirisha cha chumba namba nne, daktari anaivuta kwa ndani, na Mama Osha anaondoka. Siku ile alifungua mlango akaingia. Daktari, mwanamke kijana aliyekuwa na mwaka wa pili hospitalini hapo, alikuwa anaandika.

"Weka hapo tu, mama. Asante."

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?" daktari aliuliza, akiivuta karatasi.

Mama Osha akaweka kidole kifuani kwake.

Daktari aliacha kuandika. Akasoma. Katika miaka yote ile Mama Osha hakuwahi kumwona mtu akiyasoma maneno aliyoyaandika yeye, na alitamani asingekuwa anamwona huyu. Alikuwa akiitazama mikono yake, kama itakwenda kwenye miwani. Daktari alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Mkono ukainuka. Ukashika kalamu.

"Si saratani, mama."

Mama Osha hakutikisika.

"Umenisikia? Hii si saratani. Ni kidonda cha kooni kilichokuwa kinapona, kikakwaruzwa tena, kikapona, kikakwaruzwa, mpaka kikajijenga kinundu. Kinawapata watu wanaotumia sauti kwa nguvu. Unapiga kelele kazini?"

Alitikisa kichwa kukataa, kisha akafikiri, akakubali.

"Wiki sita bila kuongea. Hata neno. Na usinong'one, kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Nitakupa na dawa. Baada ya hapo mtaalamu atakuangalia: vingine huisha vyenyewe, vingine hukatwa."

Mama Osha akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake: Sauti itarudi?

"Mara nyingi hurudi," alisema daktari.

Woga wote wa siku kumi, ambao ulikuwa umekaa wima kwa adabu, ulilegea kwa pamoja, na ikabidi daktari amletee maji na kumshikia bilauri. Alikunywa huku meno yakigonga kioo. Halafu akaanza kuogopa upya, woga mdogo zaidi, unaoanzia kwenye yale maneno mawili, mara nyingi.

Mzee Faili alikuwa amesimama nje ya chumba namba tisa, mlango umefungwa nyuma yake kama ana benki ndani.

"Wamekuja kuuliza kwa nini nilikuwa nataja herufi kwenye simu," alisema. "Nimewaambia una jino linauma."

Alimtazama usoni, akasubiri. Mama Osha alitikisa kichwa: siyo ugonjwa ule. Mzee Faili akavuta pumzi ndefu, akasema, "Haya," akaenda kwenye ngazi yake. Alipanda vidato viwili akakaa hapo hapo, mgongo umeelekea chumba, na hakuimba.

Alifika nyumbani kabla ya saa kumi. Mumewe alikuwa na futi shingoni na pini mdomoni, anapindua ukosi wa shati. Alimsalimia kwa nyusi. Mama Osha akachukua kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akainama juu ya meza ya kukatia, akaandika yote. Haikuwa fupi. Aliandika kinundu, semina, siku kumi, namba, si saratani, wiki sita. Kisha akampa.

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati. Anasoma taratibu, midomo inatembea. Alipofika kwenye semina midomo ilisimama, ikaendelea. Alipomaliza aliikunja karatasi, akaikunjua, akatoka nje hadi barazani, akakaa huko, na Mama Osha alimwona kupitia dirishani, anatazama barabara isiyokuwa na mtu.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa amekasirika.

"Kitanda kimoja," alisema. "Unalala na hiyo, mimi nakuuliza mbona unageukageuka, unaniambia joto."

Mama Osha akagusa koo: alikatazwa kusema.

"Na mimi ningekufanya nini? Ningekula? Ningekutangaza redioni?" Alipiga meza, pini zikaruka. "Huyo daktari amesema sauti mara nyingi hurudi. Mara nyingi ni ngapi?"

Akainua mabega. Hakujua.

"Katika kumi, saba? Tisa?"

Akainua mabega tena, na safari hii midomo ilimcheza, akaifunga kwa kiganja ili sauti yoyote isitoroke, maana hata kulia kwa sauti hakukuwa na uhakika kama kunaruhusiwa. Fundi aliona. Alivuta kiti cha wateja akakileta upande wake, akakaa, goti lake likagusa la mkewe.

"Haya, usinijibu," alisema. "Usinijibu kitu. Jumatatu tutakwenda wote kwa huyo daktari, nikamuulize mwenyewe."

Aliokota pini moja sakafuni. Aliishika tu, hakujua pa kuichomeka.